Kocha si kahawa ya butura

Hakuna mji mdogo katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa usio na baraza lake la mpira. Ofisi za Kayanga, Omurushaka na Nkwenda zikishafungwa, watumishi wa umma na walimu hukutana na wakulima, wafanyabiashara na madereva mahali penye redio au televisheni. Hapo, kwa muda wote ligi inapochezwa, hoja inayotawala ni moja: je, kocha amefanikiwa kiasi cha kutosha, au afukuzwe?

Hoja yenyewe si haramu. Mpira wa miguu ni mali ya wananchi, na mwananchi ana haki ya kuhoji kinachofanywa na timu aipendayo. Lakini ni jambo la kusikitisha kuona kwamba sauti zinazodai kwa ukali zaidi kocha afungashe virago mara nyingi ni za watu waliosoma, watu ambao kutwa nzima kazi yao ni kupima, kukagua, kutunga mitihani na kuandika taarifa. Watu hao, wakifika barazani, huiacha mizani yao ofisini. Hutoa hukumu kwa matokeo ya Jumamosi moja, na Jumamosi inayofuata huitengua wenyewe bila kuona haya.

Wakazi wa wilaya hizi hawana haja ya kufundishwa ubaya wa hukumu ya namna hiyo, maana wanaijua butura. Wanajua jinsi mwenye fedha anavyomfuata mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa nyumbani, akainunua kahawa yake ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika, huyo mwenye fedha huvuna jasho lisilo lake. Serikali imeipiga marufuku butura, vyama vya ushirika vimeipigia vita miaka nenda miaka rudi, na hakuna mtumishi wa umma anayeweza kusimama hadharani akaitetea. Ubaya wake hauishii katika udogo wa bei. Thamani ya shamba zima hukatwa kabla tunda halijaonekana, tena hukatwa na mtu ambaye hakushika jembe hata siku moja.

Sasa na ielezwe bila kumung'unya maneno: shabiki anayetaka kocha afukuzwe baada ya michezo minne au mitano anafanya butura. Anakata bei ya ua. Mkulima wa Kaisho au Mabira anajua kwamba mbuni mpya humdai miaka kadhaa ya palizi na matandazo kabla ya kumpa mavuno ya maana. Lakini mkulima huyo huyo, akiketi barazani, hudai timu iliyosajili wachezaji kumi wapya mwezi Agosti iwe imekomaa mwezi Oktoba.

Yafaa mifano ya hakika itazamwe, kwa kuwa hoja hii haiwezi kumalizwa kwa porojo. Msimu wa 2024/25 wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara ulitoa somo ambalo kila mwalimu angelitamani kwa ajili ya darasa lake. Klabu ya Yanga iliuanza msimu huo ikiwa chini ya Miguel Gamondi kutoka Argentina. Huyu ndiye aliyeipa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho la nchi katika msimu wa 2023/24, aliyeifunga Simba mabao 5-1 mwezi Novemba 2023, na aliyeifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti. Novemba 2024 Yanga ilifungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United. Baada ya michezo hiyo miwili Gamondi alioneshwa mlango. Akaja Sead Ramović, ambaye aliondoka Februari 2025. Akaja Miloud Hamdi, na msimu ukaisha Yanga ikiwa bingwa.

Katika msimu huo huo, timu ya mkoa wenyewe, Kagera Sugar, nayo iliongozwa na makocha watatu. Alianza Paul Nkata kutoka Uganda, akafuatiwa na Mmarekani Melis Medo, na mwisho mzigo ukatwishwa Juma Kaseja, golikipa wa zamani wa Taifa Stars. Msimu ulipokwisha Kagera Sugar ilishuka daraja.

Hapa hapana budi msomaji atulie na kutafakari. Msimu ni ule ule na idadi ya makocha ni ile ile, lakini timu moja ilibeba kombe na nyingine ikashuka. Kama dawa ya timu ni kubadili kocha, kwa nini dawa hiyo iliponya Jangwani ikaua Kaitaba? Na kama kombe la Yanga ni ushahidi wa mafanikio ya kocha, basi ni la kocha yupi kati ya watatu? Aliyeijenga timu, aliyepita njiani, au aliyeikuta imeshajengeka?

Jibu ni dhahiri kwa kila asiyetaka kujidanganya. Yanga haikuokolewa na mabadiliko ya kocha, bali iliokolewa na ghala lake. Ilikuwa na wachezaji waliozoeana, fedha za usajili, wadhamini, na wanachama nchi nzima. Klabu yenye ghala lililojaa inaweza kufanya kosa moja, hata mawili, na isilale njaa. Klabu isiyo na ghala ikiiga mwendo huo, hujikuta msimu umekwisha huku wachezaji wamefundishwa mifumo mitatu na hawakuiva katika hata mmoja. Maskini anayeiga matumizi ya tajiri hatajiriki, bali hufilisika upesi zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya kocha ni ushindi, na kwamba asiyeshinda hana utetezi. Hoja hii ina uzito, wala haifai kudharauliwa. Kagera Sugar yenyewe haikushuka kwa hila za mtu. Ilishuka kwa kukosa pointi, na pointi hutafutwa uwanjani. Kocha asiyejua kazi yake, anayegombana na wachezaji, asiyefanya mazoezi ipasavyo, asiyejifunza kutokana na makosa, huyo hastahili kulindwa kwa methali ya subira yavuta heri. Subira isiyo na mwisho nayo ni aina ya uzembe. Mkulima anayesubiri mbuni uliokauka hadi mizizi si mvumilivu, ni mvivu wa kung'oa na kupanda upya.

Lakini kukubali hilo si kukubali kwamba kila kipigo ni ushahidi wa uzembe. Hapo ndipo yanapotakiwa maarifa, na hapo ndipo watu waliosoma wa Karagwe na Kyerwa wanapotazamiwa kuwasaidia wenzao. Chukua habari za Mecky Mexime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars. Akiwa kocha wa Kagera Sugar, timu hiyo ilimaliza ya tatu katika msimu wa 2016/17, nyuma ya Yanga na Simba, na mbele ya Azam yenye mali nyingi. Tarehe 19 Mei 2018, Kagera Sugar ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Simba, ambayo ilikuwa haijafungwa mchezo wowote wa ligi msimu mzima na ilikuwa imejiandaa kukabidhiwa kombe mbele ya Rais John Magufuli. Simba ilifungwa 1-0. Mwaka mmoja baadaye, katika msimu wa 2018/19, timu hiyo hiyo ikiwa na kocha huyo huyo iliponea chupuchupu, ikabaki Ligi Kuu kwa kuishinda Pamba katika michezo ya mtoano.

Je, Mexime alifanikiwa, au alishindwa? Mshabiki wa butura angemfanya shujaa mwaka 2017, mzalendo wa mkoa mwaka 2018, na mzigo mwaka 2019. Mtu ni mmoja, maarifa ni yale yale, na wala hakuwa amesahau kazi katika miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni mambo yaliyomzunguka, kama vile wachezaji waliokuwapo, waliouzwa na waliochoka, na nguvu ya wapinzani. Na inafaa ikumbukwe kwamba baada ya kuondoka, klabu hiyo hiyo ilimwita tena. Klabu haimwiti tena mtu ambaye haikuona thamani yake.

Somo hili halikomei kwenye klabu. Mwaka 2019 Emmanuel Amunike aliipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri, ikiwa ni mara ya kwanza tangu zile za Lagos mwaka 1980. Miaka 39 taifa lilisubiri. Timu ilifungwa michezo mitatu, na mwezi Julai Amunike akaachishwa kazi. Katika fainali za AFCON 2023 zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, Taifa Stars ilipata pointi 2 katika kundi lake ikarudi nyumbani. Katika fainali za AFCON 2025 nchini Morocco ilipata tena pointi 2, lakini safari hiyo zilitosha kuivusha hadi hatua ya 16 bora, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya nchi. Kocha aliyeiongoza alikuwa nani? Ni Gamondi, yule yule aliyefukuzwa Novemba 2024 kwa michezo miwili.

Pointi mbili zilimrudisha mmoja nyumbani na zikamwinua mwingine. Hii haina maana kwamba tarakimu ni uongo. Ina maana kwamba tarakimu haisemi mpaka iulizwe: ilipatikana katika mazingira gani, dhidi ya nani, na kwa nyenzo zipi?

Watu wa kwanza kulielewa jambo hili wangepaswa kuwa walimu. Ni walimu wa wilaya hizi ambao kwa miaka mingi wamelalamika, tena kwa haki, kwamba shule yenye wanafunzi wengi katika chumba kimoja, isiyo na maabara, ambayo watoto wake hutembea mwendo mrefu kabla ya kengele ya asubuhi, hupangwa mstari mmoja na shule ya bweni ya mjini yenye kila kitu, kisha mwalimu mkuu wake huitwa kujieleza kwa nini amekuwa wa mwisho. Malalamiko hayo hayakuwa ya bure. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora wa kitaifa, kwa hoja kwamba wanaolinganishwa husoma katika mazingira yasiyolingana. Walimu wengi waliipokea hatua hiyo kwa furaha.

Basi inakuwaje mwalimu aliyeshangilia hatua hiyo mchana, jioni akae barazani na kumpima kocha wa timu ya mkoa kwa makombe ya Simba na Yanga? Nyani haoni kundule. Wala si kwa bahati kwamba katika viwanja vya Tanzania wachezaji humwita kocha wao kwa jina la mwalimu. Kazi ni moja. Huyu naye hupokea wanafunzi ambao hakuwachagua wote, huwafundisha kwa vifaa alivyopewa na mwajiri, na mwisho wa mwaka huhukumiwa yeye peke yake kwa mtihani uliofanywa na wengine.

Mtumishi wa umma naye hana pa kujificha. Ofisini kwake anajua kwamba hakuna anayeweza kupimwa kwa haki kama hakuwekewa malengo mwanzoni mwa mwaka. Anajua kwamba mkuu wa idara asiyepewa fungu la fedha hawezi kuulizwa kwa nini barabara haikuchongwa. Lakini kocha hudaiwa barabara bila fungu. Mara nyingi hata wachezaji si yeye anayewasajili, na wanapouzwa haulizwi. Timu ikishinda, viongozi hupiga picha na kombe. Ikifungwa, viongozi hao hao hutoa tangazo fupi la kumshukuru kocha kwa utumishi wake na kumtakia kila la heri.

Hapa ndipo ulipo ubaya mkubwa wa ugomvi huu wa vijiweni. Shabiki anapopiga kelele kwamba kocha aondoke, huwapa kinga wale wanaostahili kuulizwa. Kila kocha anayefukuzwa huwanunulia viongozi wa klabu miezi kadhaa ya kupumua. Nani alimchagua kocha huyo, kwa vigezo gani, na kwa nini vigezo hivyo vimekuwa vibaya baada ya siku tisini? Nani alisajili mshambuliaji aliyekuja na goti bovu? Mpango wa kukuza vijana uko wapi? Maswali haya hayaulizwi, kwa sababu baraza zima linashughulika na mtu mmoja aliyesimama kando ya mstari. Kocha ni rahisi kumfukuza, maana hana wapiga kura.

Na mashabiki wenyewe wajiulize. Kagera Sugar ilipokuwa Ligi Kuu, ni wangapi kati ya wanaojadili kutoka Kayanga hadi Murongo waliopanda gari kupitia Kyaka hadi Bukoba ili kuishangilia, na si kuwashangilia wageni? Si siri kwamba siku Simba au Yanga inapofika Kaitaba, majukwaa hugeuka mekundu, au ya kijani na njano, na timu ya mkoa ikacheza nyumbani kana kwamba iko ugenini. Si kosa kuipenda Simba wala Yanga; hizo ni timu za Watanzania wote. Kosa ni kuinyima timu ya kwako kiingilio, sauti na moyo, kisha siku inaposhuka daraja ukasimama wa kwanza kuuliza kocha amefanya nini. Asiyepalilia hana haki ya kulaumu mavuno.

Hasara ya kushuka huko si ya kocha. Kocha huondoka na begi lake, na msimu ujao huonekana kwenye benchi jingine. Hasara ni ya kijana wa Nyakahanga au Isingiro ambaye alikuwa akijua kwamba, akiwa hodari, ipo timu ya Ligi Kuu ndani ya mkoa wake itakayoweza kumwona. Mlango huo ulipofungwa mwaka 2025, baraza la mpira halikuulilia mlango. Liliendelea kubishana kuhusu jina la bawabu.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kabla ya kuuliza kama kocha amefanikiwa kiasi cha kutosha, iulizwe alikubaliana nini na mwajiri wake. Klabu zitangaze malengo mwanzoni mwa msimu: kubaki Ligi Kuu, kushika nafasi fulani, au kupandisha vijana kadhaa katika kikosi cha kwanza. Lengo likishatangazwa, kocha apimwe kwa hilo, na viongozi wapimwe kwa nyenzo walizotoa ili lengo hilo lifikiwe. Pili, apewe muda wa kutosha kuona tunda, walau msimu mzima, isipokuwa pale anapovunja nidhamu au mkataba. Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986 na hakupata kombe hadi 1990. Ubingwa wa ligi ulimjia 1993. Mashabiki wa Kayanga wanaojivunia jezi ya klabu hiyo wanajivunia matunda ya subira ambayo wao wenyewe wasingeivumilia. Tatu, pamoja na pointi itazamwe kazi yenyewe. Je, wachezaji wanaendelea au wanarudi nyuma? Je, timu inafungwa kwa makosa yale yale kila wiki?

Nne, na hili ni la walimu hasa, mashina ya mpira yarudishwe shuleni. Michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA isiwe sherehe ya wiki chache ambayo mipira yake hufungiwa stoo mara tu mabingwa wanapotangazwa. Mwalimu mmoja wa michezo mwenye saa mbili za jioni na mipira mitatu hulitendea soka la Kagera mema kuliko hotuba mia moja za barazani. Halmashauri nazo zilinde viwanja vya vijiji visimezwe na majengo, maana timu ya mkoa haiteremki kutoka mawinguni.

Jioni za Karagwe na Kyerwa zitaendelea kuwa na ubishi wa mpira, na ni vema ziwe nao, kwa kuwa ubishi ni dalili ya uhai. Lakini ubishi wa watu waliosoma uwe na mizani. Yeyote atakayesimama kudai kocha afukuzwe aanze kwa kujibu maswali matatu: alipewa nini, aliahidi nini, na ni nani mwingine anayestahili kujibu pamoja naye? Akishindwa kuyajibu, na aketi asikilize wenzake. Wilaya ambazo zimekataa kahawa yao inunuliwe ikiwa maua haziwezi kuendelea kuwanunua watu kwa bei hiyo.